Jua la Saa Tatu Usiku: Hali Njema ya Hewa Ughaibuni na Mtihani wa Msamiati wa Pwani

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi inayohusu Waswahili walioko ughaibuni umezoea kuisoma baridi kama ishara ya upweke, ubaguzi na kupotewa na kwao. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo umeiacha nje hali ya pili, ambayo ni ngumu zaidi kuiandika kwa Kiswahili, yaani furaha ya hali njema ya hewa katika nchi ya mbali. Kwa kuchunguza majina ya majira, vitenzi vya starehe na mfumo wa saa, makala yanaonesha kuwa msamiati wa pwani unaiweka raha katika upepo, kivuli na ubaridi, ilhali Ulaya huiweka raha juani. Mgongano huo una athari kwa tafsiri na kwa namna mhakiki anavyomwelewa mtu aliyeishi mbali na kwao akathubutu kustarehe.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina majina kadhaa ya mahali palipo nje ya kwao, na kila moja lina upande linapotazamia. Ng'ambo hutazama maji yanayotenganisha. Ugenini hutazama hadhi ya mtu mbele ya wenyeji. Majuu, la vijana wa mijini, hutazama ngazi ya kupanda. Ughaibuni, ambalo ndilo limeenea zaidi katika maandishi ya kitaaluma, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutokuwapo. Kwa mujibu wa jina hili, mtu aliyeko London au Toronto hatambuliwi kwa mahali alipo. Anatambuliwa kwa mahali asipokuwapo. Nchi anayoishi inaitwa kwa pengo aliloliacha nyumbani.

Jina hilo si hatia, lakini lina matokeo yake katika uhakiki. Likishakubaliwa bila kuhojiwa, huufanya kila usemi wa huzuni utokao mbali uonekane wa kweli, na kila usemi wa raha uonekane wa shaka. Mtu aliyeghibu hutarajiwa kuteseka. Baridi na theluji hulithibitisha tarajio hilo bila kazi kubwa, na ndiyo sababu huwa za kwanza kunukuliwa na kufasiriwa. Siku ya jua katika bustani ya mji wa Ulaya haina nafasi katika mpango huo. Ikitajwa, husomwa kama kejeli au kama dalili ya kusahau asili, na methali ya mwacha asili kuwa mtumwa haikawii kusogezwa karibu.

Hoja ya makala haya ni kwamba ukimya kuhusu hali njema ya hewa hautokani na huzuni ya wasafiri peke yake. Sehemu yake inatokana na lugha yenyewe. Baridi ya Ulaya ni kali kuliko ya pwani, lakini Kiswahili kinalo neno lake, na msafiri hulazimika kuongeza kiwango tu. Jua linalofurahiwa saa sita mchana linamtaka ageuze thamani ya maneno aliyolelewa nayo.

2.0 Raha kama Ubaridi

Mzizi wa Kiarabu b-r-d, unaobeba maana ya ubaridi, umekipa Kiswahili neno baridi, na pia burudi, burudisha, burudika na burudani. Kwa hiyo msemaji anayekwenda kwenye burudani ya taarabu anakwenda, kwa asili ya neno, kupozwa. Upande wa Kibantu unaungana na huo. Kitenzi poa hutaja chakula kilichopungua moto, na pia hutaja hasira iliyotulia. Katika salamu za vijana hutaja hali njema ya mambo yote. Moyo hupozwa, roho hutulizwa, ugomvi huzimwa. Kinyume chake, hasira huwaka, fitina huchochewa, nafsi huungua. Moto unapotumika kwa sifa, kama shamrashamra zinapopamba moto, husifu nguvu na wingi. Kupumzika hakusifiwi kwa moto.

Kivuli nacho kina heshima yake. Mwavuli umepata jina kwa shina lile lile la kivuli, ingawa huhifadhi dhidi ya mvua vilevile, na mtu mwenye kuwalinda wengine husemwa kuwa wako chini ya kivuli chake. Jua, kwa upande wake, ni taabu ya kazi. Mafundi wa Kenya wanaofua mabati na kuunda majiko barabarani wamepewa jina la Jua Kali kwa kuwa walifanya kazi pasipo paa, na jina hilo limekuwa la sekta nzima ya uchumi.

Haidaiwi hapa kwamba pwani haijui ubaya wa baridi. Ugonjwa wa viungo huitwa baridi yabisi, na wazee huonya dhidi ya umande. Lakini hizo ni tahadhari zinazouhusu mwili. Katika usemi wa starehe, mizani imeelemea upande mmoja. Vitenzi vya kutoka nje kwa raha vinathibitisha hivyo. Mtu hutoka kupunga upepo au kupunga hewa, naye hubarizi, yaani hukaa barazani na wenzake kwa mazungumzo, mahali penye paa au kivuli cha ukuta. Katika yote hayo hakuna jua.

Kipo kitenzi kimoja kinacholeta jua karibu na raha, nacho ni kuota jua. Lakini kuota ni kukaa karibu na chanzo cha joto ili kuondoa baridi iliyokwisha kuingia mwilini, na ndiyo sababu mtu huota jua kama anavyoota moto. Anayeota jua pwani ni mzee asubuhi, au mgonjwa anayepata nafuu, au mvuvi aliyelowa. Tuchukuliwe sentensi sahili ya mfano: "Leo hali ya hewa ni nzuri, tumetoka kuota jua." Ikiandikwa na kijana mzima wa afya aliyeko Leicester na kusomwa na shangazi yake aliyeko Wete, sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na inapingana yenyewe kimaana. Sehemu ya pili inaonekana kuikanusha ya kwanza, kwani hali ya hewa ikiwa nzuri, cha kuota ni nini? Shangazi ana haki ya kuuliza kama kijana anaumwa.

3.0 Kiangazi Kilichopotea Njia

Tatizo linakuwa zito zaidi katika majina ya majira. Vitabu vya shule na kamusi za lugha mbili zimezoea kuyapanga majira manne ya Ulaya mkabala na majira ya pwani, na katika mpango huo majira ya joto ya Ulaya hupewa mara nyingi jina la kiangazi, na majira ya baridi jina la kipupwe. Mpango huo ni rahisi kukariri, lakini unayapotosha mambo mawili kwa pamoja, thamani na kalenda.

Kwanza thamani. Kiangazi cha pwani ni kipindi cha ukavu na joto kali, hasa miezi ya Disemba hadi Machi kabla ya masika, wakati visima hupungua na usingizi wa mchana hauna raha. Kipupwe ni miezi ya Juni hadi Agosti, wakati kusi linavuma, usiku una ubaridi na watu hujifunika shuka. Mwenyeji wa Unguja akiulizwa ni majira gani yenye hali njema ya hewa, si ajabu akitaja kipupwe, au demani inayofuata kusi linapolegea. Kwa hiyo msimulizi wa riwaya akisema kwa Kiswahili kwamba watu wa London walikuwa na furaha kwa kuwa kiangazi kimefika, msomaji wa pwani anaelewa maneno yote isipokuwa sababu ya furaha.

Pili kalenda. Miezi inayoitwa kiangazi katika tafsiri ndiyo miezi ya kipupwe pwani. Mhusika wa tafsiri anayetembea bustanini mwezi wa Julai huhamishwa na neno hilo hadi Januari ya msomaji. Vipimo vya joto vinalifanya kosa hili kuwa dhahiri zaidi. Wastani wa joto la juu mchana mjini London mwezi wa Julai ni karibu nyuzijoto 23 au 24. Unguja, mwezi huo huo wa kipupwe, joto la mchana hufika karibu nyuzijoto 28. Maana yake ni kwamba siku ya kawaida ya majira ya joto ya London ni ya ubaridi kuliko siku ya kipupwe ya Unguja. Kwa mwezi, kwa kipimo na kwa raha inayoletwa, neno la pwani lililo karibu zaidi na majira hayo ya Ulaya ni lile lile ambalo tafsiri imelipeleka kwenye theluji.

Yawezekana kupinga kwamba msomaji wa leo amesoma jiografia, ametazama filamu na mpira wa Ulaya, na anajua kuwa kiangazi cha huko si cha hapa. Pingamizi hilo lina nguvu kwa upande wa maana ya msingi. Majina huweza kupanuliwa, na msomaji huyajifunza matumizi mapya. Kisichopanuliwa kwa amri ya kamusi ni hisia inayolifuata neno. Fasihi hufanya kazi kwa hisia hiyo. Mwalimu wa jiografia akiandika kiangazi cha Ulaya hapotezi kitu, lakini mwandishi wa riwaya akiandika hivyo amempa mhusika wake furaha na papo hapo amemnyima msomaji njia ya kuishiriki.

4.0 Saa, Bahari na Swala

Hali njema ya hewa ina saa zake pia. Watu wa mji wa Unguja huenda Forodhani jua linapokaribia kuzama na baada ya hapo, upepo wa bahari unapopoza mawe ya mji. Watu wa miji ya bahari ya kusini mwa Uingereza, kama vile Brighton, huenda ufukweni mchana, jua likiwa juu, na huanza kuondoka linaposhuka. Wote huitafuta bahari, lakini kwa saa zinazopishana. Mswahili aliyehamia huko akitaka kufanya alichokizoea atafika ufukweni wenyeji wakikunja mataulo yao. Jua lenyewe si lile. Jua la utosi, linalomfanya mtu akanyage kivuli chake, halipo London siku yoyote ya mwaka. La huko hupita kwa mshazari hata katikati ya Juni.

Mfumo wa saa wa Kiswahili unaupeleka mgongano huu ndani ya sarufi. Saa za Kiswahili huhesabiwa kwa kuchomoza na kuzama kwa jua, jambo linalofaa katika nchi zilizo karibu na Ikweta ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Saa tatu usiku ni saa ya tatu tangu giza kuanza kuingia. London, katika wiki ya tatu ya Juni, jua huzama saa tatu na dakika ishirini hivi. Msemaji anayetaka kusimulia jioni yake njema analazimika kusema kwamba jua lilikuwa likiwaka saa tatu usiku, au abadilishe neno usiku kwa jioni na kuiacha saa bila maana yake ya asili. Hapa lugha inamgeuza msimulizi mwaminifu kuwa mtu wa vitendawili. Hakuna hali ya baridi inayomtia katika mkwamo wa namna hiyo.

Kwa Waislamu, urefu huo wa mchana una uzito wa ibada pia. Ramadhani ya 2016 ilianza mapema mwezi wa Juni, na saumu ya London ilikaribia saa 18. Hali ya hewa iliyowafurahisha majirani ndiyo iliyourefusha mchana wa mfungaji, na magharibi, ambayo pwani haipishani sana mwaka mzima, ikawa ni ya kusubiriwa. Tajriba hiyo si huzuni wala si furaha tupu, na ni aina ya maudhui ambayo uhakiki uliozoea theluji hauna chombo cha kuipimia.

5.0 Maandishi na Ukimya Wake

Historia ya maandishi inasaidia kueleza jinsi tabia hii ilivyojengeka. Mtoro bin Mwinyi Bakari alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900, na kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903, kiliandaliwa kwa ajili ya wasomaji waliotaka kuijua Mrima. Alifariki Ujerumani mwaka 1927. Kazi iliyomletea jina inamhifadhi kama shahidi wa kwao, si wa mji alioishi. Mahitaji ya taasisi iliyomwajiri yalikuwa habari za pwani, na bustani za Berlin mwezi wa Juni hazikuwa miongoni mwa mahitaji hayo. Sayyida Salme, aliyefika Hamburg mwaka 1867 na kujulikana baadaye kama Emily Ruete, aliandika kwa Kijerumani barua kwa rafiki wa nyumbani ambazo zilichapishwa baada ya kifo chake. Humo baridi na giza la kaskazini vina nafasi pana. Umbo la barua ya kwenda nyumbani lina adabu yake. Kulalamikia baridi ni njia mojawapo ya kuwaambia waliobaki kwamba mwandishi hakuwaacha kwa starehe.

Riwaya za Abdulrazak Gurnah zimesomwa kwa mwelekeo huo huo, na mara nyingi kwa haki. Katika By the Sea (2001), Saleh Omar anawasili Uingereza akiwa mzee anayeomba hifadhi, na anawasili Novemba, mwezi ambao wenyeji wenyewe hawaupendi. Lakini katika Pilgrims Way (1988), Daud, mfanyakazi wa hospitali mjini Canterbury, anabeba uchungu wa ubaguzi na wakati huo huo anafuatilia kwa shauku kriketi ya timu ya West Indies. Kriketi ya Uingereza ni mchezo wa majira ya joto. Mvua ikinyesha husimamishwa, na mwanga ukififia husimamishwa pia. Shauku ya Daud kwa hiyo imefungamana na anga kavu na mchana mrefu wa nchi inayomuumiza. Msomaji anayeuona ubaguzi peke yake amesoma kweli, ila amesoma nusu. Nusu ya pili ni kwamba mtu aliyedhulumiwa mahali fulani anaweza kuzifaidi siku njema za mahali hapo bila kuisamehe dhuluma.

Suala hili si la nadharia tu. Baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, Paradise ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Riwaya hiyo inasimulia Afrika ya Mashariki, hivyo majira yake yana majina tayari. Zikifuata riwaya zinazosimulia Uingereza, mfasiri atakutana na majira ya joto ya Canterbury ukurasa baada ya ukurasa. Akiandika kiangazi, atakuwa ameirudia njia ya kamusi. Akiandika majira ya joto, ataepuka mkanganyo wa kalenda lakini si wa thamani, kwa kuwa joto bado ni mzigo. Huenda njia bora ni kuiacha nomino ya majira iwe nyepesi na kuupeleka uzito kwenye kitenzi na kivumishi, yaani kusimulia jua lisilochoma, upepo uliolegea, milango iliyoachwa wazi baada ya miezi ya kufungwa. Msomaji wa pwani anaijua vyema raha ya mlango uliofunguliwa.

6.0 Kusi Linapofika Salala

Ikiwa mgongano huu ungekuwa sifa ya ughaibuni wote, ungeonekana kila walikohamia Waswahili. Oman inathibitisha vingine. Wengi wa Waomani wenye kuzungumza Kiswahili waliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu mwaka 1970 idadi kubwa walikaribishwa kujenga nchi. Maskati mwezi wa Juni joto hupita nyuzijoto 40. Siku ya jua hapo si habari njema kwa mtu yeyote.

Mwishoni mwa Juni, Salala katika jimbo la Dhofar huingia katika kharifu, majira ya ukungu na manyunyu yanayodumu hadi Septemba. Milima hugeuka kijani, joto hushuka hadi karibu nyuzijoto 25, na familia husafiri kutoka Maskati na nchi za Ghuba ili zilowe. Kandokando ya barabara huuzwa madafu, ndizi na mapapai yaliyopandwa huko huko. Upepo unaoleta ukungu huo ni mkondo ule ule wa pepo za msimu ambao pwani ya Afrika ya Mashariki unaitwa kusi. Ukishavuka Ikweta hupinda na kuvuma kutoka kusini-magharibi, na ndio uliokuwa ukirudisha majahazi ya Waarabu kwao.

Hapa msamiati wa pwani haupati mtihani wowote. Msemaji aliyeko Salala anaweza kusema kwamba amekwenda kupunga upepo, kwamba roho imepoa, kwamba ameburudika, na kila neno likakaa mahali pake. Hali njema ya hewa ni mawingu, kama ilivyokuwa nyumbani. Swali linalobaki ni kama mahali hapo paitwe ughaibuni. Kwa nasaba msemaji yuko kwao, kwa lugha yuko ugenini, na kwa upepo hakuondoka. Mfano huu unadhihirisha kwamba kinachoifanya raha iwe ngumu kutamkwa si umbali. Ni kutofautiana kwa kile kila nchi inachokihesabu kuwa neema ya anga.

7.0 Hitimisho

Uhakiki wa fasihi ya Waswahili walioko mbali unahitaji kuacha kuipokea baridi kama ushahidi uliokamilika. Baridi inaandikika kwa urahisi kwa sababu inaafikiana na matarajio ya waliobaki nyumbani, na pia na maana ya jina ughaibuni. Siku njema ya Julai haina washirika hao. Mwandishi anayetaka kuiandika anapaswa kuligeuza jua kutoka adui kuwa mgeni, kuutaja usiku usio na giza, na kuhatarisha kuonekana msahaulifu. Pale ambapo siku kama hiyo imeandikwa, hata kwa mstari mmoja, mhakiki amekabidhiwa mahali ambapo lugha imefanya kazi ngumu, na panastahili kusomwa polepole kuliko theluji.

Watunga kamusi nao wana sehemu yao. Kidahizo cha kiangazi kinachoishia kwenye visawe vya Kiingereza bila kutaja miezi, upepo na thamani yake kwa wenyeji kinamwachia mfasiri deni ambalo atalilipa msomaji. Kuongeza maelezo hayo ni kazi ya mistari miwili. Bila mistari hiyo, kijana wa Leicester ataendelea kuandika kwamba ametoka kuota jua, na shangazi wa Wete ataendelea kumwombea shifaa.